Historia ya namba moja: mshahara unaotakiwa ili upewe viza ya kazi

Leo sitaandika kuhusu PHP wala seva. Kuna swali moja ambalo vijana wa huku kwetu wanaojifunza kompyuta huniuliza kila wakati, na lenyewe halihusu kompyuta hata kidogo: "Kaka, wenzetu kule wanataka mshahara wa kiasi gani ndipo wakupe viza?" Jibu fupi lipo, na nitalitoa humu humu. Lakini kila nikilijibu najikuta nauliza jingine. Nani aliyekaa chini akaamua kwamba ujuzi wa mtu upimwe kwa hela anazolipwa? Mbona si cheti? Mbona si mtihani? Basi nikaanza kuchimba, na mimi nikianza kuchimba sitoki mapema.

Nimesomea sayansi ya kompyuta, sheria sijasomea. Kwa hiyo nimeisoma historia hii kama ninavyosoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine: natafuta namba imetoka wapi, imeandikwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha.

Tuanzie nyumbani. Kuruwitu iko kati ya Mtwapa na mji wa Kilifi, jirani na mashamba ya mkonge ya Vipingo. Wageni wanatujua kwa sababu ya bahari, maana wazee wetu walitenga eneo la hekta 30 lisivuliwe, kazi iliyoanza kati ya 2003 na 2006 na kupata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Sawa, hilo ni jambo la kujivunia. Lakini ukiuliza historia ya ajira katika pwani hii, haianzi na samaki. Inaanza na kodi.

Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kodi ile haikuwa ya kujaza hazina peke yake. Gavana Henry Belfield alieleza waziwazi mwaka 1913 kwamba kodi ndiyo njia ya kumtoa Mwafrika kwake aende akatafute kazi ya mshahara kwa walowezi. Wagiriama walikuwa na mahindi yao, walikuwa na biashara yao, hawakuona sababu ya kwenda kuchanika mgongo katika shamba la mtu. Ndipo Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola wakawaapisha watu wakatae. Walikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii, mwendo wa kuvuka nchi nzima, wakatoroka na kurudi. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka. Haya yote tunayajua kutoka shuleni na kutoka kwa nyanya zetu, lakini shuleni huwa hatuambiwi kwamba katikati ya ugomvi ule kulikuwa na namba: kiasi cha kodi kilichopangwa ili mtu asiweze kukilipa bila kuajiriwa.

Halafu kikaja kipande. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa 1915, lakini kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka kama 16 alitakiwa atembee na karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya mkebe wa chuma ulioning'inia shingoni. Watu wengi wanakumbuka mkebe. Mimi nataka tuiangalie karatasi. Ilikuwa na nafasi ambapo mwajiri aliandika siku uliyoanza kazi, siku uliyoachishwa, na mshahara uliokuwa ukilipwa. Kwa lugha yetu ya kazi, ilikuwa ni hifadhidata inayotembea kwa miguu, na uwanja mmojawapo ulikuwa ni mshahara. Ukienda kwa bwana mwingine kutafuta kazi, jambo la kwanza analoliona ni kile alichokulipa wa kwanza. Utaombaje zaidi? Ukitoroka kazi, polisi wanakupata kwa alama za vidole.

Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi mwaka 1921, mambo aliyoyapinga yalikuwa hayo matatu yakiwa pamoja: kodi, kipande, na uamuzi wa walowezi wa kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Alikamatwa Machi 1922 na kuhamishiwa Kismayu. Kipande chenyewe kilidumu hadi sheria ya 1947 iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe.

Naanza na kipande kwa makusudi. Watu wengi wakiandika kuhusu viza za wenye ujuzi wanaanza na Marekani ya 1990, kana kwamba wazo la kuandika mshahara wa mtu kwenye karatasi inayomruhusu kutembea lilizaliwa huko Silicon Valley. Halikuzaliwa huko. Babu zetu walilivaa shingoni. Tofauti ni mwelekeo tu: namba ya zamani ilikusukuma uingie shambani kwa mtu, namba ya leo inakuzuia mlangoni kwa mtu.

Na wala si sisi peke yetu. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani Desemba 1901, ilijengwa na wafanyakazi kama 32,000 walioletwa kutoka India kwa kandarasi ya miaka mitatu. Miongoni mwao walikuwemo waashi, maseremala na wahunzi. Kandarasi ilitaja mshahara, posho na nauli ya kurudi. Ukiisoma leo utaona ni viza ya kazi kabisa, ila iliandikwa kabla ya kuwepo neno viza katika maisha ya watu wa kawaida.

Turuke miaka. Kenya ilipopata uhuru, sisi wenyewe tukawa wenye mlango. Sheria ya Uhamiaji ya 1967 ilimtaka kila asiye raia awe na kibali cha kuingia au kufanya kazi, na kibali kilitegemea kama hakuna Mkenya anayeweza kuifanya kazi hiyo. Hapo hakukuwa na namba ya mshahara. Waasia wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaona hawana maisha, wakaanza kuondoka kwa ndege. Uingereza ikashtuka. Mwaka 1968 Bunge lake lilipitisha sheria mpya ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola kwa siku tatu tu, ikianza kazi tarehe 1 Machi. Waliopewa nafasi ni wakuu wa kaya 1,500 kwa mwaka. Nchi nzima ya watu wenye maduka, mahesabu na ufundi, wakapangwa foleni kwa mgawo. Hapo nako mshahara haukuulizwa. Kilichoulizwa ni kama wewe, baba yako au babu yako alizaliwa, aliasiliwa au alipata uraia kule Uingereza yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kupima kwa mshahara ni unyama mtupu, mkumbushe kwamba kipimo kilichotangulia kilikuwa ni babu yako.

Sasa mshahara uliingiaje? Njia ya kwanza ni ya ulinzi: wenye nchi wanaogopa mgeni ataajiriwa kwa bei ya chini na kuwaangusha wao. Marekani ilipokubaliana na Mexico mwaka 1942 kuleta wafanyakazi wa mashambani, mpango ule wa Bracero, makubaliano yalitaja kima cha chini cha senti 30 kwa saa. Baadaye, katika Sheria ya Uhamiaji ya 1990 iliyoanzisha viza ya H-1B, mwajiri alitakiwa kuahidi kumlipa mgeni si chini ya mshahara wa kawaida wa kazi hiyo katika eneo lile. Idadi ikawekwa 65,000 kwa mwaka. Ilipandishwa hadi 195,000 kwa miaka ya 2001 hadi 2003, wakati kompyuta zilikuwa moto, kisha ikarudi 65,000, pamoja na 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili ya vyuo vya huko.

Ndani ya sheria hizo za Marekani kuna kitu kinachomchekesha mwandishi yeyote wa programu. Mwaka 1998 Bunge lao liliandika kwamba kampuni zinazotegemea sana watu wa H-1B zinasamehewa masharti fulani ya ziada zikimlipa mfanyakazi dola 60,000 au zaidi. Dola 60,000 za 1998 zilikuwa hela. Namba hiyo imebaki hivyo hivyo mpaka leo! Ni kile ambacho kila mwalimu wa programu hukukataza mwaka wa kwanza: usiandike namba ngumu katikati ya msimbo, kwa sababu dunia itabadilika na wewe utasahau uliiweka wapi. Kisha Septemba 2025 Rais Trump akatia saini tangazo la kuwatoza waajiri dola 100,000 kwa ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya nchi. Hiyo si kiwango cha mshahara tena, ni ukuta wenye bei.

Njia ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi, nayo ni ya Wajerumani. Februari 2000, katika maonyesho ya kompyuta ya CeBIT mjini Hannover, Kansela Gerhard Schröder alitangaza Kadi ya Kijani kwa wataalamu wa kompyuta. Ilianza tarehe 1 Agosti 2000 na ilikuwa na nafasi 20,000. Masharti: uwe na shahada ya kompyuta, AU mwajiri akulipe angalau mark 100,000 kwa mwaka, kama euro 51,000 hivi.

Lisome tena hilo neno "au". Kwa mara ya kwanza mshahara haukuwekwa kumlinda Mjerumani asipunguziwe bei. Uliwekwa kuwa ushahidi wa ujuzi. Serikali ilikuwa inasema: sisi hatujui kama huyu kijana anajua C++ au anatudanganya, na hana cheti, lakini kama kampuni yenye akili timamu iko tayari kumlipa mark 100,000, basi lazima anajua. Waliihamishia soko kazi ya kusahihisha mtihani. Kwa nchi inayoabudu vyeti kama Ujerumani, hayo yalikuwa mapinduzi. Mwanasiasa wa upinzani Jürgen Rüttgers alifanya kampeni dhidi yake mwaka ule ule, na kaulimbiu iliyomfuata ikawa "watoto badala ya Wahindi", yaani wafundishwe watoto wa Kijerumani. Mpango ulifungwa mwisho wa 2004, nafasi 20,000 zikiwa hazijajaa.

Waingereza wakaja na lao Januari 2002, mpango wa wahamiaji wenye ujuzi wa juu. Huu ulikuwa wa pointi na haukutaka uwe na kazi kule. Uliangalia ulichokuwa ukilipwa KWENU. Na hapa kuna kipande cha historia ambacho vijana wa leo hawakijui kabisa, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Waliotunga mpango ule walikaa wakajiuliza swali la haki: daktari wa Kampala na daktari wa Chicago wakileta hati za mishahara, tutawalinganishaje? Wakatengeneza jedwali. Nchi za dunia zikagawiwa makundi matano, A hadi E. Pointi 25 za kipato zilipatikana kwa pauni 40,000 kama ulitoka nchi ya kundi A, pauni 17,500 kundi B, 12,500 kundi C, 7,500 kundi D, na pauni 3,500 tu kwa kundi E, nchi maskini kuliko zote. Ukigawa 40,000 kwa 3,500 unapata 11.4 na kitu. Baadaye namba hizo ziligeuzwa kuwa za kuzidisha moja kwa moja, 2.3, 3.2, 5.3 na 11.4, zikaendelea kutumika katika mfumo wa pointi ulioanza 2008. Kwa maneno mengine, serikali ya Uingereza iliandika ndani ya kanuni zake kwamba pauni 1 iliyolipwa katika nchi maskini ni sawa na pauni 11 na zaidi za London kama kipimo cha akili ya mtu.

Mimi naona lile ndilo jedwali la haki kuliko yote niliyoyakuta katika uchunguzi huu. Halikuwa kamilifu, maana nchi moja ina Nairobi na ina Ganze, na mishahara yake hailingani. Lakini lilikiri kwamba mshahara mdogo unaweza kuwa wa mtu mwenye ujuzi mkubwa aliyezaliwa mahali penye shilingi dhaifu. Mlango ule ulifungwa kwa waombaji wapya kati ya Desemba 2010 na Aprili 2011, na jedwali likaenda nalo. Tangu hapo Uingereza haiulizi tena unalipwa nini kwenu. Inauliza utalipwa nini kwao.

Mabadiliko hayo madogo yanabadilisha kila kitu. Zamani ungeweza kujenga hoja yako ukiwa umekaa hapa Kilifi, kwa hati zako za malipo. Sasa hoja yako iko mikononi mwa mwajiri wa Leeds au Bristol, ambaye kama kampuni yake ni ndogo au iko nje ya London, mishahara yake pia ni ya chini. Namba ni moja kwa nchi nzima, kodi ya nyumba si moja.

Tuifuate namba yenyewe. Mwaka 2011 ilikuwa pauni 20,000. Aprili 2017 ikawa 30,000 kwa wenye uzoefu. Mfumo mpya wa baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, Desemba 2020, uliishusha hadi 25,600, ikapanda hadi 26,200 mwaka 2023. Sambamba na hiyo ya jumla kuna namba ya kila kazi, na unatakiwa ufikie iliyo kubwa kati ya mbili. Kisha tarehe 4 Desemba 2023 waziri wa mambo ya ndani, James Cleverly, akasimama bungeni na kutangaza 38,700.

(Mwezi mmoja kabla, Novemba 2023, Mfalme Charles alikuwa hapa hapa Kuruwitu akionyeshwa matumbawe yanavyopandwa. Watu walivaa vizuri. Simlaumu, mfalme hapangi viza, lakini tarehe zile mbili ziko karibu mno kwenye kalenda yangu.)

Walipataje 38,700? Zamani namba za kazi zilichukuliwa katika robo ya chini ya mishahara: panga watu mia kutoka anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, chukua wa 25. Mwaka 2024 wakasogea hadi katikati, yule wa 50. Fikiri maana yake. Ukitaka kumwajiri mgeni, lazima umlipe kama Mwingereza wa katikati wa kazi ile, na Waingereza nusu nzima ya kazi ile wanalipwa chini ya hapo. Kwa waandika programu namba ya kazi iliruka kutoka pauni 34,000 hadi 49,400 kwa usiku mmoja.

Nitasema yangu kwa kifupi kwa kuwa inaonyesha mtambo unavyofanya kazi. Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa na barua ya kazi ya kampuni moja ndogo ya huko, jina nalihifadhi. Pauni 37,500 kwa mwaka. Kwa kanuni zilizokuwepo nilikuwa nimepita kila namba. Sheria mpya ilikuwa inaanza tarehe 4 Aprili 2024, na aliyekuwa na cheti cha udhamini kilichotolewa kabla ya siku hiyo alipimwa kwa namba za zamani. Nilituma barua pepe, nikapiga simu, nikatuma tena. Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, na mhusika wao alikuwa likizoni. Cheti hakikutoka. Tarehe 4 nikawa nimepungukiwa pauni 11,900 bila kusahau hata amri moja ya SQL niliyokuwa naijua tarehe 3. Kulikuwa na nafuu ya wanaoanza kazi, asilimia 70 ya namba ya kazi, yaani 34,580, na mshahara wangu ungeivuka. Lakini nafuu hiyo kwa mtu aliye nje ilikuwa ya walio chini ya miaka 26, nami nilikuwa nimetimiza 26 miezi michache kabla. Kampuni iliandika kwa upole kwamba haiwezi kuongeza. Mama aliuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia hapana Mama, sikuwa nimeajiriwa bado. Mjomba, ambaye alikuwa ameshaanza kuhesabu ada ya chuo ya binti yake wa mwisho kwenye mshahara ule, hakuuliza kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Binti yake aliahirisha mwaka.

Tarehe 22 Julai 2025 namba ya jumla ilipanda tena hadi 41,700, na ya kazi yetu hadi 54,700. Siku hiyo hiyo walifunga njia ya kuleta wahudumu wa wazee kutoka nje, njia ambayo Wakenya wengi walikuwa wameitumia. Pauni 41,700 ni kama shilingi milioni 7 za Kenya kwa mwaka. Ndilo jibu fupi nililoahidi kwa upande wa Uingereza.

Sasa tazama jambo hili. Wiki mbili tu kabla ya tangazo la Cleverly, tarehe 18 Novemba 2023, Ujerumani ilishusha namba yake. Nchi mbili jirani, mwaka mmoja, mafundi wale wale wanaotafutwa, moja inapandisha na nyingine inashusha.

Namba ya Ujerumani inastahili kuelezwa kwa sababu ni ya kihandisi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wa Kadi ya Buluu Mei 2009, na Ujerumani ikaanza kuitoa Agosti 2012. Wao hawakuandika namba ngumu. Waliandika fomula: chukua kiwango cha juu cha mshahara kinachokatwa mchango wa pensheni, ambacho hupangwa upya kila mwaka kufuata mishahara ya nchi, kisha chukua theluthi mbili yake. Mwaka 2012 ilitoa euro 44,800. Kwa kazi zenye upungufu wa watu, kompyuta ikiwemo, ilikuwa asilimia 52, yaani 34,944. Hakuna waziri anayehitaji kusimama bungeni, mwaka ukigeuka namba inajihesabu. Ubaya wake ni kwamba ilipanda yenyewe pia: kufikia 2023 ilikuwa 58,400. Ndipo Novemba 2023 wakabadilisha sehemu, kutoka theluthi mbili hadi nusu, na kwa kazi zenye upungufu hadi asilimia 45.3. Mwaka 2024 ikawa 45,300, karibu sawa na miaka 12 iliyotangulia. Mwaka 2025 ilikuwa 48,300, na kwa sisi wa kompyuta 43,759.80. Kwa 2026 ni 50,700 na 45,934.20. Hizo senti zinanifurahisha, zinaonyesha hakuna binadamu aliyezichagua.

Jingine: sheria hiyo mpya inamruhusu mtu wa kompyuta asiye na shahada apate Kadi ya Buluu akiwa na uzoefu wa miaka mitatu. Ile "au" ya Schröder ilirudi baada ya miaka 23.

Tarehe 13 Septemba 2024 Rais Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani mjini Berlin. Zikaenea habari za kazi 250,000, na huku Kilifi watu walianza kununua vitabu vya Kijerumani kesho yake. Serikali ya Ujerumani ilikanusha haraka: makubaliano hayana idadi yoyote. Wala hayabadilishi fomula. Anayetaka Kadi ya Buluu kutoka Kenya anapimwa kwa namba ile ile ya anayetoka Brazil.

Nisiwasahau wenyewe kwa wenyewe. Nasi tuna namba yetu. Mzungu anayetaka kustaafu Watamu, Malindi au kwenye viwanja vya gofu vya Vipingo anaomba kibali cha Daraja K, na sharti lake ni umri wa miaka 35 na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, bila kufanya kazi yoyote hapa. Kuna wakati wataalamu wageni walikuja pwani hii bila hesabu hizo kabisa. Wahandisi wa Kiitalia walijenga kituo cha San Marco hapo Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wakarusha setilaiti ya kwanza kutoka baharini Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha ile ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Urushaji uliendelea hadi 1988. Wale waliingia kwa mkataba wa serikali na serikali, na Malindi ikajifunza kupika tambi kwa ajili yao.

Na dada zetu wanaokwenda Ghuba? Kule mlango uko wazi zaidi na namba iko mahali pengine. Ufilipino ndiyo iliyoonyesha njia Desemba 2006 ilipoamua kwamba mfanyakazi wa ndani wa kwao asiondoke kwa chini ya dola 400 kwa mwezi: nchi inayotuma ndiyo iliyoweka kiwango. Ukishaingia Emirati, namba nyingine inakusubiri. Tangu 2019 ni dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba, ndipo uweze kumleta mwenzi wako na watoto. Wengi wa dada zetu hawafiki hapo, ndiyo maana watoto wanalelewa na nyanya huku Takaungu na Majengo.

Nimalizie na Uholanzi, kwa sababu ndiyo iliyo mezani kwangu sasa. Mpango wao wa wahamiaji wenye maarifa ulianza Oktoba 2004, na tangu siku ya kwanza ulikuwa na namba mbili: euro 45,000 kwa mwaka kwa mtu wa kawaida na 32,600 kwa aliye chini ya miaka 30. Hawaulizi shahada wala orodha ya kazi. Mwajiri awe ametambuliwa na idara yao ya uhamiaji, mshahara ufike, basi. Mwaka 2025 namba hizo zilikuwa euro 5,688 kwa mwezi, na 4,171 kwa walio chini ya 30. Tofauti ya zaidi ya euro 1,500 kila mwezi, na kinachoitenganisha ni tarehe ya kuzaliwa. Anayeingia akiwa na 29 kwa mwajiri mmoja anaendelea na namba ya chini hata akifikisha 30, mradi asihame kazi. Kwa hiyo swali la vijana wa huku nimeanza kulijibu kwa swali: umezaliwa mwezi gani?